Kiungo, Wala Si Athari

Imenifikia hivi karibuni orodha ya istilahi za muziki, kazi ya wataalamu ambao sina haja ya kuwataja, nami nilipofika penye kile kikasha akikanyagacho mpiga gitaa ili sauti ya nyuzi ipate ladha nyingine, nikakuta kimeitwa "kanyagio la athari anuwai". Nikaiweka karatasi chini kwa huzuni.

Athari tuliipokea kwa Waarabu, ambao kwao ni alama iliyobaki, mfano wa unyayo mchangani. Lakini ilipotua kwetu ilibeba pia maana ya dosari na madhara, hata leo twawataja waathirika wa mafuriko. Najua nitajibiwa kwamba sauti ya mkwaruzo ilizaliwa kwa hitilafu, na ni kweli: wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961, una besi inayokwaruza kwa sababu huko Nashville mtambo wa kuchanganyia sauti uliharibika njia moja. Lakini mwaka uliofuata wenye chapa ya Maestro walikuwa wakiiuza sauti ya namna ile ndani ya kikasha chao FZ-1, na sijapata kumwona mtu atoaye fedha yake kununua dosari.

Neno langu ni kiungo. Asili yake ni kuunga, kitenzi kilichokusanya mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga: kuunga kamba kwa kamba, na kuunga mchuzi kwa nazi na bizari. Vikasha hivi huungwa kwa waya kimoja baada ya kingine, na kila kimoja huiunga sauti ipitayo ndani yake. Yuko mwandishi ashikiliaye "kigeuzasauti", naye hakosi wafuasi; lakini samaki aliyeungwa hubaki samaki, na gitaa lililotiwa mwangwi hubaki gitaa.

Nasema haya baada ya kulehemu kwa mkono wangu kasha la viungo vitatu: mkwaruzo wa transista mbili kwa mfano wa kikasha kiitwacho Fuzz Face, mtetemo, na mwangwi wa chipu PT2399, ambayo hutaka volti 5, hivyo volti 9 za betri hazina budi kupunguzwa kwanza. Hapo awali niliutanguliza mwangwi mbele ya mkwaruzo, na marudio yote yakapondwa yakawa ngurumo moja isiyo na nafasi ya kupumua. Nilipouhamishia mwisho, kila rudio lilisikika peke yake. Mpishi wa pwani hashangai, kwani tui jepesi hutangulia na tui zito huja mwisho, nalo likichemshwa mno hukatika.

Mara mbili nimeipelekea kamati ya wataalamu wale barua juu ya neno hili, wala sikujibiwa, isipokuwa mjumbe mmoja alinena hadharani kwamba kiungo ni neno la jikoni. Hilo liliniuma, kwa kuwa Kiswahili changu nilifundishwa na mama yangu, naye alinifundishia huko huko jikoni.

Matumizi ni haya: kimoja ni kiungo, vingi pamoja ni kasha la viungo, na swichi ya mguu ni kanyagio. Vijana waliokuja kuliazima kasha langu niliwaambia jina lake mara moja tu, hawakuniuliza maana.