Msimu wa Kushika Mimba na Afya ya Mtoto

Wengi wetu twajua mtoto kazaliwa mwezi gani. Wachache huhesabu mimba iliingia lini. Mimi naona hesabu hiyo ina maana, na hapa naeleza yaliyopatikana na wataalamu.

Mwaka 2016 watafiti wa Scotland walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 800,000. Miongoni mwa waliotungwa mimba Januari hadi Machi, asilimia 8.9 walihitaji msaada maalumu wa masomo. Kwa mimba za Julai hadi Septemba, ilikuwa asilimia 7.6. Watafiti wanashuku vitamini D: ngozi huitengeneza kwa jua, na jua la huko wakati wa baridi ni dhaifu mno. Hilo bado halijathibitishwa.

Gambia jua si shida. Shida ni chakula. Wakati wa mvua akiba ya nafaka huwa imepungua, na wanawake wanalima. Mwaka 2014 utafiti wa huko ulionyesha kwamba lishe ya mama anaposhika mimba huacha alama kwenye jeni za mtoto, na alama hizo hutofautiana kwa misimu.

Je, sisi wa Pwani tungoje kaskazi ndipo tutafute mtoto? La. Tofauti ya Scotland ni kama watoto 13 kwa kila 1,000, na mama asilaumiwe kwa mwezi alioshika mimba. Linaloweza kutengenezwa ni hali yake.

Na hapa ndipo tunapochelewa. Sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama hajajijua. Asidi ya foliki husaidia kuikinga. Shirika la Afya Duniani lashauri mikrogramu 400 kila siku, tangu mtu anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Tangu 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa pakiti utiwe asidi hiyo. Mahindi tunayosagisha mtaani hayatiwi. Mchicha, majani ya kunde na maharagwe husaidia. Anayeshinda ndani, na akitoka hujifunika, apate jua kidogo uani. Masika, mbu wakizidi, alale ndani ya chandarua.

Ndugu zangu, mume na mke wanaotaka mtoto waende kliniki mapema, wasingoje tumbo lionekane.