Amani ya Soko katika Maniema ya Kusini

Kabla dola yoyote ya kigeni haijasimika bendera katika nchi iliyo kati ya milima ya magharibi ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba, wakazi wake walikuwa na desturi iliyofanya kazi ambayo leo hutarajiwa kufanywa na katiba, mahakama na polisi. Desturi hiyo ilikuwa amani ya soko, yaani mapatano kwamba mahali pa kuuziana, pamoja na njia zinazofika hapo, si uwanja wa vita, hata kama vijiji vya wauzaji na wanunuzi vimeinuliana silaha. Historia ya Kasongo na Kabambare, maeneo mawili ya kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaeleweka vizuri zaidi ikifuatwa kupitia mapatano hayo: jinsi yalivyovunjwa na wenye bunduki, na jinsi kila utawala uliofuata ulivyochuma sokoni bila kuyarudisha. Tatizo linaloisumbua jamii ya huko leo, la raia kutomwamini yeyote anayedai kumtawala, lina mzizi mrefu kuliko vita vya karibuni.

Soko la zamani, ambalo msafiri David Livingstone aliandika kwamba wenyeji wa Nyangwe waliliita chitoka, halikuwa mkusanyiko wa kubahatisha. Lilikuwa na siku zake maalumu, likirudi kila baada ya siku chache, na waliolitawala hasa walikuwa wanawake. Wagenya, ambao ni wavuvi na wapiga makasia wa Lualaba, walileta samaki; wakulima wa nchi kavu walileta mihogo, mafuta ya mawese, chumvi, pilipili, kuku na viramba, yaani vitambaa vinavyofumwa kwa nyuzi za miwale. Mfinyanzi aliyetaka kuuza chungu alikigonga pande zote kwa vifundo vya vidole mbele ya mnunuzi, ili mlio wake uthibitishe kwamba hakina ufa. Livingstone alielezwa pia kwamba wanawake walipita kutoka soko moja hadi jingine bila kudhuriwa hata wakati wanaume wa nchi zao walipopigana. Sababu si ngumu kuiona: mvuvi hashibi kwa samaki bila mihogo, na mwenye mihogo hana chumvi, hivyo aliyemvamia mwanamke mwenye kitunga njiani alikuwa anazima moto wa jiko lake mwenyewe.

Biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipoingia nchini katika miaka ya 1860 kutoka Zanzibar kupitia Tabora na Ujiji, mapatano hayo yalikutana na watu ambao hawakuyahitaji. Kabambare, katika nchi ya Wabangubangu, iligeuka kituo kikubwa katika njia ya misafara, ikiwa mahali pa kupumzika, kuweka akiba ya chakula na kusubiri habari. Livingstone, aliyefika hapo mwezi Septemba 1869 na kuiita Bambarre, alirudi mwaka uliofuata na kukaa miezi kadhaa akiuguza vidonda vya miguu, huku karatasi na wino vikimwishia kiasi cha kuanza kuandika juu ya vipande vya karatasi vilivyokwisha kutumika. Maandishi yake, yenye thamani na yenye mapungufu ya mgeni aliyewategemea wafanyabiashara hao hao kwa chakula na ulinzi, yanaonyesha jinsi mfanyabiashara mwenye bunduki alivyoweza kuchukua pembe, mateka na chakula bila kubadilishana chochote, na hivyo kuwa wa kwanza katika nchi hiyo kuishi sokoni bila kuwa mtu wa soko.

Matokeo yake yalionekana Nyangwe, katika eneo la Kasongo, tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo watu wapatao 1500 walikuwa wamekusanyika sokoni, wengi wao wanawake, pale watu wa mfanyabiashara Dugumbe bin Habib walipoingia na bunduki zao, jambo ambalo lenyewe lilikuwa kinyume cha desturi. Ubishi ulizuka juu ya bei ya kuku, kisha risasi zikafyatuliwa katikati ya umati. Watu walikimbilia mitumbwi iliyojazana katika hori la mto, mitumbwi ikashindwa kutoka, na wengi wakazama wakijaribu kuogelea. Wafanyabiashara wenyewe walikisia kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Habari za mauaji hayo zilipofika Uingereza mwaka 1872 zilizidisha shinikizo dhidi ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye kwa mkataba wa Juni 1873 alilazimika kulifunga soko la watumwa la kisiwani. Kwa hiyo damu iliyomwagika katika soko la samaki na mihogo la Maniema ilichangia kufungwa kwa soko la binadamu la pwani, ingawa Nyangwe yenyewe haikupata haki yoyote.

Aliyefanikiwa kuigeuza nguvu ya bunduki kuwa utawala alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizoandikwa kwa Kiswahili, anaeleza jinsi alivyojitambulisha kwa chifu mmoja wa nchi ya Utetera kuwa mjukuu wa mwanamke wa ukoo wa kitawala aliyechukuliwa mateka zamani, naye akakabidhiwa nchi. Masimulizi hayo yana somo kubwa, kwa kuwa yanaonyesha kwamba hata mwenye bunduki nyingi alijua kuwa hawezi kutawala mpaka apate jina la undugu. Kuanzia mwaka 1875 hivi makao yake yalikuwa Kasongo, na mji huo ukawa kitovu cha dola ya kibiashara iliyoenea hadi maporomoko ya Kisangani, na mwaka 1887 aliteuliwa na Dola Huru ya Kongo, milki ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kuwa liwali wa huko.

Katika mji huo neno mwungwana lilipata uzito wa pekee. Kwa asili mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Katika Maniema lilikuja kumaanisha mtu anayevaa kanzu, anayeswali au kujinasibisha na Uislamu, na anayezungumza Kiswahili, ambacho kwa sababu hiyo kiliitwa Kingwana. Wengi wa waungwana hao walikuwa wazaliwa wa Maniema, baadhi yao mateka wa jana walioinuka kwa kubeba bunduki ya bwana, na uungwana wao ulipimwa kwa umbali waliojitenga na wale waliowaita washenzi. Sidney Hinde, daktari na ofisa wa jeshi la Dola Huru, aliandika kwamba alipanda mnyama wake kwa saa moja na nusu akipita ndani ya shamba moja tu la mpunga nje ya Kasongo. Aliyelima shamba hilo alikuwa mtumwa, lakini mpunga, Kiswahili na Uislamu vilibaki baada ya utumwa kuondoka, na wajukuu wa waliolazimishwa wakavifanya kuwa vyao. Hakuna anayeweza kusimulia urithi huu kwa haki akiutaja upande mmoja na kuunyamazia mwingine.

Ushirikiano wa Dola Huru na wafanyabiashara hao haukudumu, vita vikazuka. Nyangwe ilitekwa na jeshi la Dola Huru mwezi Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo chini ya Francis Dhanis, na Kabambare mwezi Januari 1894, baada ya Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, kushindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani. Washindi walijitangaza wakombozi wa watumwa, lakini jeshi lao lilikula kwa njia ile ile ya majeshi yaliyolitangulia. Karibu miaka mitano baadaye askari wa dola hiyo hiyo, waliokuwa wameasi safarini kuelekea Naili kwa sababu ya njaa na ukatili wa maofisa, waliiteka Kabambare mwishoni mwa 1898 kabla ya kusukumwa nje, na kwa mara nyingine vijiji vya kando ya njia vililipa gharama ya ugomvi usio wao.

Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908, ujambazi wa wazi ulipungua na nafasi yake ikachukuliwa na amri zenye mihuri. Amri ya mwaka 1910 ilizitambua sheferi, yaani maeneo ya utawala wa machifu, na ile ya 1933 ikaunganisha zile ndogo kuwa sekta. Hivyo chifu ambaye zamani alishika nafasi yake kwa ridhaa ya wazee akawa mtu anayevishwa medali na bwana mkubwa wa Kibelgiji na kuvuliwa naye. Mwaka 1917 kilimo cha lazima kiliwekwa kisheria, na mkulima akatakiwa kutoa hadi siku 60 kwa mwaka kwa mazao kama pamba na mpunga. Mavuno ya pamba yalipelekwa katika kile kilichoitwa soko, ambapo bei ilikuwa imepangwa na serikali, mnunuzi alikuwa kampuni moja, na mkulima hakuwa na haki ya kubishana wala ya kurudi na mzigo wake nyumbani. Jina la soko lilibaki, lakini sauti ya muuzaji ilikuwa imenyamazishwa.

Waungwana nao walitazamwa kwa shaka. Serikali ilihofu kwamba Uislamu ungekuwa kamba ya kuwaunganisha watu nje ya mikono yake, hivyo ruzuku za elimu zikapelekwa kwa misheni, na vyuo vya Kurani vikaachwa bila msaada; shule za serikali zisizo za kidini kwa ajili ya Waafrika zilifunguliwa kuanzia mwaka 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru. Kwa njia hiyo vizazi vya Waislamu wa Kasongo vilifungiwa mlango wa ukarani na ualimu, na pengo kati ya aliyesoma misheni na asiyesoma likaja juu ya pengo la zamani kati ya mwungwana na mshenzi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, matumaini ya Maniema yaliegemea kwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na chama chake cha MNC, na kuuawa kwake mwaka uliofuata kuliacha uchungu uliofungua njia kwa uasi wa wapiganaji walioitwa Simba mwaka 1964. Vita vya 1996 na vile vilivyoanza 1998 viliirudisha nchi katika hali ambayo wazee waliijua kwa masimulizi: kundi la waasi la RCD, lililoungwa mkono na Rwanda, lilishika miji, Mai-Mai, yaani wanamgambo wa kienyeji, walishika vijiji, na mwanamke aliyekwenda shambani au sokoni Kabambare alihatarisha mwili na uhai wake kutoka pande zote mbili. Ubakaji uliotendwa njiani na mashambani katika miaka hiyo unapaswa kutajwa kwa jina lake, kwa kuwa ulilenga nguzo ile ile iliyobeba amani ya soko, yaani usalama wa mwanamke mwenye kitunga.

Vita hivyo vilipokwisha kwa mapatano ya 2003, bunduki haikuondoka barabarani. Neno linalojulikana na kila msafiri wa mashariki ya Kongo ni barieri, yaani mti uliolazwa au kamba iliyofungwa kukata njia, ambapo mwenye sare au asiye nayo hudai fedha kabla ya kuruhusu mtu kupita. Wanaoumia zaidi ni wachuuzi wanaosukuma baiskeli zilizosheheni mchele na madumu ya mawese kwa mamia ya kilomita. Huko Salamabila, katika eneo la Kabambare, mgodi wa dhahabu wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Kanada na ukasimama mwaka 2019 kwa ukosefu wa usalama, baada ya miaka ya ugomvi kati ya mgodi, wachimbaji wadogo walioondolewa katika mashimo yao na kundi la Mai-Mai Malaika lililodai kuwatetea. Mabadiliko ya bidhaa kutoka pembe hadi pamba na kutoka pamba hadi dhahabu hayakubadilisha swali: nani ana haki ya kuchuma katika nchi hiyo, na anawajibika kwa nani?

Jibu la wenyeji wa zamani halikuwa kamilifu, kwa kuwa amani ya soko haikuzuia vita wala utumwa wa ndani, na haikuwa na ngao dhidi ya bunduki. Lakini ilikuwa na kanuni moja ambayo tawala zote zilizofuata zimeikosa, nayo ni kwamba anayekula sokoni sharti awe na kitu anacholeta sokoni. Dola inayotoza ushuru Kasongo bila kutengeneza barabara ya Kabambare, au kampuni inayochimba bila kuonyesha wazi mapato na fidia, inarudia kosa la msafara. Wanawake wa chitoka hawakumtaka mnunuzi aamini chungu kwa maneno. Mfinyanzi mwenyewe ndiye aliyekigonga mbele ya watu wote, na mwenye chungu chenye ufa alirudi nacho nyumbani. Ni haki ya watu wa Maniema ya kusini kudai serikali yao igongwe vivyo hivyo, hadharani na pande zote, kabla haijaomba kuaminiwa.