Nani ana mamlaka ya kufunga bahari? Kisa cha kamba wa Ungwana

1/ Kampeni za Pwani zikianza, lazima mtu apande jukwaani aseme "tutafunga bahari, matrola yaende!" Makofi. Lakini nani hasa anaweza kufunga bahari, na anamfungia nani? Mimi nasoma sayansi ya siasa, na hii hoja naona inarushwa bila historia yake. Twende pole pole.

2/ Anza na kamba mwenyewe. Anakulia kwenye mikoko na midomo ya mito, akikomaa anatoka kwenda maji ya kina kutaga. Ghuba za Malindi na Ungwana zinapokea Sabaki na Tana, ndiyo maana kamba ni wengi huko. Leo maji hayo yako mbele ya kaunti mbili, Kilifi na Tana River. Kamba hajui mpaka wa kaunti.

3/ Matrola yamevua huko tangu miaka ya 1970. Sheria ikayaambia yakae nje ya maili 5 za baharini. Shida ni kwamba kamba wengi wako karibu na ufuo, pale pale mvuvi mdogo anapotega. Matokeo: nyavu kukatwa, samaki wadogo kutupwa, kasa kunaswa, na ugomvi usioisha.

4/ 2006 serikali ikasimamisha matrola. Jirani je? Tanzania ilikuwa imegawa maji yake ya kamba kanda 3, na msimu wa kufunga juu yake. Bado kamba walipungua, na kufikia 2008 nao walikuwa wamesimamisha matrola.

5/ 2010 Kenya ikaandika mpango wa kusimamia kamba, na 2011 matrola yakarudi. Masharti: nje ya maili 3, na hakuna kuvua kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Soma tena hapo. Maili 5 zimekuwa 3. Msimu umefungwa, sawa, lakini mstari umesogea karibu na mvuvi mdogo. Hiyo ndiyo bei ambayo jukwaani hamuisikii.

6/ Mwaka huo huo wa 2010 tukapata Katiba mpya. Jedwali la Nne linaipa kaunti uvuvi, lakini ulinzi wa rasilimali za uvuvi uko kwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo gavana anaweza kusaidia BMU na kujenga bandari ndogo za samaki, ila leseni ya trola haitoki kwake.

7/ Inawezekana kusimamia pamoja? Australia na Papua New Guinea walitia sahihi mkataba wa Torres Strait 1978, ukaanza kazi 1985. Wanagawana mavuno, na kamba wana msimu na maeneo ya kufungwa ili wadogo wakue. Hizo ni nchi mbili. Kilifi na Tana River ni nchi moja, jamani.

8/ Kwa hivyo akija na ahadi ya kufunga bahari, muulize mambo 3. Moja: unafungia matrola, au hata mtu wa Ngomeni na Kipini? Mbili: kaunti jirani inafunga siku hiyo hiyo? Tatu: miezi ya kufungwa, nani anashika doria, na kwa boti gani?

Akikosa jibu la tatu, hiyo bahari haijafungwa. Imetangazwa tu.