Wasafiri Sita wa Mtu Mmoja

Mtu aufunguapo mchezo wa Wizardry kwa mara ya kwanza hakutani na zimwi wala joka, bali hukutana na kazi ya kutoa majina. Huelekezwa kwenye uwanja wa mazoezi ulio ukingoni mwa mji, na huko hutakiwa amuumbe msafiri wake wa kwanza: amchagulie jamii yake, awe binadamu, kibeti au kiumbe mwingine wa hekaya, amwongezee nguvu, akili, ucha Mungu, afya, wepesi au bahati kwa pointi chache alizojaliwa, kisha amtie katika kazi ya askari, kasisi, mwizi au mjuzi wa sihiri. Amalizapo huyo huanza wa pili, na wa tatu, hata watimie sita, na wote sita huwa ni wake, naye ameketi peke yake mbele ya kioo.

Kwa nini sita, na kwa nini wawe wa mtu mmoja? Jawabu limo katika historia ya mashine zenyewe, nami naona lastahili kusimuliwa taratibu, maana aghalabu watu hudhani kwamba msafara wa wahusika ulibuniwa kwa ajili ya vita, ilhali mimi naamini kuwa ulizaliwa na upweke wa kompyuta ya nyumbani.

Asili ya yote ni mchezo wa mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson, Wamarekani wawili waliokuwa wapenzi wa michezo ya vita vya vinyago, walitoa Dungeons & Dragons katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Ulikuwa mchezo wa barza: watu wanne, watano au zaidi huizunguka meza, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa karatasini, na mmoja wao huwa mwamuzi na msimulizi, ndiye ajuaye kilicho nyuma ya kila mlango, na dadu huamua yaliyo ya bahati. Askari alimhitaji kasisi wa kumponya, kasisi alimhitaji askari wa kumkinga, na mjuzi wa sihiri aliwahitaji wote wawili, kwa kuwa mwanzoni mwa safari alikuwa dhaifu kama kifaranga. Udhaifu wa kila mmoja uliwalazimisha kushikamana, na walioshikamana walikuwa watu wa kweli, wenye sauti, hasira, mzaha na njaa ya usiku wa manane.

Mwaka uliofuata mchezo huo ulikwisha ingia katika kompyuta, lakini si kompyuta ya nyumbani. Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mtambo uitwao PLATO, uliojengwa kwa ajili ya kufundishia, wenye vioo bapa vilivyong'aa kwa rangi ya chungwa na kuunganishwa kwa nyaya na kompyuta moja kubwa. Humo Rusty Rutherford aliandika mchezo wa kuzunguka mapangoni, akauweka katika faili lililotengewa kundi la taaluma ya idadi ya watu na nishati, na akauacha uitwe kwa jina kavu la faili lenyewe, pedit5, ili usitambulikane. Wasimamizi waliutambua wakaufuta. Ufutaji huo haukuzuia kitu, kwa maana mwaka ule ule wa 1975 wanafunzi wengine walikuwa wamekwisha andika michezo ya namna hiyo, na iliyofuata ilizidi kuwa mikubwa. Katika Oubliette, ulioanza mwaka 1977, hatari zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu wa pekee hakufika mbali. Kwa hiyo wachezaji walingojeana, mmoja kwenye kituo hiki na mwenzake kwenye kituo cha jengo jingine, wakaungana kuwa kundi moja na kushuka pamoja. Barza ilikuwa imehamia kwenye nyaya, lakini ingali barza.

Kompyuta ya nyumbani haikuwa na nyaya hizo. Apple II ilikaa juu ya meza ya mwenyewe, haijui lolote lililo nje ya chumba, na mtu aliyeitumia alikuwa mmoja. Andrew Greenberg na Robert Woodhead, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Ithaca, jimbo la New York, walikuwa kila mmoja ameanza kuandika mchezo wake kabla ya kuunganisha kazi yao, na tadbiri waliyoitoa kwa tatizo hilo ilikuwa nyepesi na ya ajabu: madhali maswahibu hawawezi kuletwa chumbani, mchezaji na awaumbe mwenyewe, awe yeye peke yake watu wote sita walioizunguka meza, na mashine iwe mwamuzi. Mchezo wao, ndio huo Wizardry, ulitolewa Septemba 1981 na kampuni ya Sir-Tech. Walijitia humo kwa kugeuza majina yao nyuma mbele: Robert akawa Trebor, mtawala aliyerukwa na akili, na Andrew akawa Werdna, mchawi aliyemwibia Trebor talasimu yake na kukimbilia chini ya ardhi.

Kumbukumbu ya mashine ilikuwa kilobaiti 48, pungufu kabisa ya nafasi itwaliwayo leo na picha moja ya simu, na ndani yake waliingiza mzingile wa tabaka kumi, kila tabaka lina miraba ishirini kwa ishirini, yaani miraba 4,000 ya korido, milango na mitego. Kuta zilikuwa ni mistari mitupu katika dirisha dogo pembeni mwa kioo. Mashine haikumchorea mchezaji ramani yoyote. Ramani ilikuwa ni wajibu wake.

Mimi niliucheza miaka mingi baada ya kutoka kwake, na ramani zangu nilizichora katika daftari la hesabu la miraba, lile lile wanaloandikia watoto wa shule ya msingi, kwa penseli, maana kalamu ya wino haifai kitu pale utambuapo kwamba ukurasa wote umekwenda upande. Mzingile ule una mahali ambapo msafara huzungushwa bila kujua na kujikuta umetazama mashariki ukidhani ni kaskazini, na una giza ambalo taa yoyote haifui dafu mbele yake. Liko neno moja la sihiri, DUMAPIC, ambalo hutaja umbali wenu kutoka kwenye ngazi, na hakuna neno lililonipa faraja kama hilo. Liko na MALOR, lihamishalo msafara mzima hadi mahali unapopataja kwa hesabu. Ukikosea hesabu, msafara wote huishia ndani ya mwamba, na habari yao imekwisha.

Na kifo katika mchezo huu ni kifo. Askari akifa, mashine huliandika jambo hilo kwenye diski papo hapo, na kwa sababu hiyo wako wachezaji waliojifunza kuichomoa diski kwa pupa kabla taa nyekundu ya kisomeo haijawaka. Msafara ukiangamia wote, maiti hubaki pale pale zilipoangukia, na mchezaji hulazimika kuunda msafara mwingine wa wageni, kuwalea mpaka wapate nguvu, kisha kuwatuma chini wakawabebe wenzao. Nilikuwa na kasisi niliyemwita Bishara, aliyenivusha tabaka tatu, akafa katika la nne kwa sumu. Nikampeleka kwenye hekalu la mji, nikalipa dhahabu niliyokuwa nayo; wakamwombea, akageuka majivu. Nikashuka mzingileni tena nikiwa na watano, nikakusanya dhahabu nyingine, nikarudi nikalipa. Majivu yakapotea, na jina lake likaondoka. Nilizima mashine nikakaa kitako. Mtu yule hakuwa na uso wala hakupata kutamka neno lolote. Alikuwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu chini ya kioo, na yote mengine juu yake nilikuwa nimeyatia mimi.

Baada ya Wizardry njia ilijaa watu upesi. Ultima III ya Richard Garriott ilileta wasafiri wanne mwaka 1983, The Bard's Tale ikafuata mwaka 1985, na Pool of Radiance ya mwaka 1988 ikaja kwa idhini ya wenye Dungeons & Dragons wenyewe. Huko Japani, Yuji Horii, aliyeipenda Wizardry na Ultima, alitoa Dragon Quest mwaka 1986 akiwa na shujaa mmoja tu, lakini katika mchezo wa pili, mwaka 1987, alimpa wenzake wawili. Na mwishoni mwa mwaka huo Final Fantasy ilianza na wanne.

Badiliko kubwa, kwa kadiri nionavyo, lilikuja Desemba 1998 kutoka Edmonton, Kanada, katika kampuni ya BioWare iliyoasisiwa na madaktari wa tiba. Katika Baldur's Gate msafara ungali wa watu sita, lakini mchezaji humuumba mmoja tu. Wengine hukutana nao njiani, nao wanasema. Khalid na Jaheira ni mume na mke, na ukimwacha mmoja, mwenzake huondoka naye. Minsc hukusihi umsaidie kumwokoa bibi anayemlinda, na ukizembea mno hukasirika akageuka adui yako. Wema wasioweza kuvumilia matendo yako huaga. Ilikuwa neema kubwa, kwani maswahibu wa barza walikuwa wamerudishiwa sauti. Walakini nasema wazi kwamba kilipotea kitu, maana majina yao yalikwisha tolewa na mwingine, na Bishara hakuwa na nafasi kati yao.

Mwaka 2023 kampuni ya Larian ya mjini Ghent, Ubelgiji, ilitoa Baldur's Gate 3, ambao watu wanne walio katika nyumba nne mbalimbali huweza kuucheza pamoja kwa intaneti, kila mmoja na mhusika wake.

Mwaka uliofuata, 2024, ndio aliofariki Andrew Greenberg. Miezi michache kabla ya kifo chake Wizardry ilikuwa imetolewa upya, na picha zake mpya, za mazimwi yenye nyama na kuta zenye ukungu, zilijengwa juu ya programu ile ile ya 1981, ambayo bado hufanya kazi chini yake. Atakaye huweza kuionyesha kwenye pembe ya kioo, mistari myembamba katika dirisha dogo, ikisonga hatua kwa hatua pamoja na korido iliyopambwa. Nami nilipoufungua, kabla ya kuziona kuta zozote, nilipelekwa kwenye uwanja wa mazoezi nikaulizwa jina. Nikaandika Bishara.