“Iyo Pesa Itume Namba Hii”

“Iyo pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja tofauti.” Ujumbe huu umeshafika Olasiti, Kisongo, Ngaramtoni na kila penye mnara wa simu. Anayeutuma hamjui anayeupokea. Anachojua ni kwamba kwenye maelfu ya simu hakosekani mpangaji aliyekwisha kuandaa kodi, naye atadhani kaandikiwa na mwenye nyumba wake.

Kazi hii ya kumwagia ujumbe mmoja watu wasiouomba ni kongwe kuliko simu ya mkononi Arusha. Mei 3, 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Marekani, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400. Anwani zao zilichapwa kwa mkono. Aprili 1994 mkono ukapumzishwa. Mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walitumia programu kumwaga tangazo la bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi Marekani, kwenye kumbi za mtandaoni zaidi ya 5,000. Waliolengwa walikuwa wahamiaji, watu wenye shida ya kweli, na shida ndiyo mtaji wa kazi hii hadi leo.

Kwenye simu, programu ya namna hiyo haina maajabu. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 10. Tatu za mwanzo zinafahamika. Saba zilizobaki inazipanga yenyewe, inatuma, inasonga mbele. Wapo pia matapeli wanaotuma kwa mkono.

M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, hela ikaanza kuhama kwa sekunde, kabla mtu hajapiga simu kuuliza. Hapo ndipo ujumbe mfupi ulipopata meno.

Serikali haikukaa kimya. Usajili wa laini ulianza 2009, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ikakataza ujumbe usioombwa, na 2019 zikaja alama za vidole. Ujumbe bado unaingia, kwa sababu laini ya tapeli mara nyingi ina jina la mtu mwingine: mama aliyeambiwa na msajili wa barabarani kwamba kidole hakikusoma, aweke tena. Mara ya pili ilikuwa laini ya pili.

Kwa hiyo, msomaji, piga *106# leo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ukaifute. Ujumbe wa tapeli usiujibu, upeleke 15040.