Mbuzi ya nakshi kwa wenye biashara: mambo ya kuzingatia

Mbuzi ya kukunia nazi kila mtu wa pwani anaijua: mbao mbili zilizopishana, zikikunjuliwa huwa kiti, na mbele pana chuma chenye meno. Siku hizi wenye hoteli na mikahawa wanatuagiza sisi mafundi mbuzi zenye nakshi na jina la biashara. Kazi hii ina riziki, lakini ina masharti yake.

Kwanza ni mti. Mimi hutumia mvule au msaji uliokauka vyema. Mti mbichi hupasuka ukikauka, na nakshi hupasuka nao.

Pili ni mahali pa kuchonga. Nakshi naiweka ubavuni mwa kiti na miguuni. Pale mbao zinapopishana sichimbi sana, maana ndipo penye kubeba uzito wa mkaaji. Karibu na chuma napaacha laini, kwa kuwa nazi iliyokunwa hunasa katika nakshi ikavunda. Vanishi pia haifiki hapo. Chuma huoshwa, kikakaushwa na kupakwa mafuta ya nazi kidogo kisishike kutu.

Michoro naitoa kwenye milango yetu: waridi, na mnyororo unaozunguka ukingoni. Mji wa kale wa Lamu, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una mifano tele ya kujifunzia.

Maandishi yataka uangalifu. Jina la biashara nalichora kwanza karatasini, mteja alisome na kulikubali kabla sijashika patasi. Akitaka aya ya Qur'ani au jina la Mwenyezi Mungu, namkatalia kwa adabu. Mbuzi hukaliwa, maneno hayo mahali pake ni juu ya mlango.

Kuhusu bei, wako watakaokupa bei ya mbuzi ya sokoni. Wahesabie mti, chuma na siku za kuchonga, kisha uchukue arubuni ya nusu. Jina la mtu likishachongwa, mteja mwingine hutampata.

Hata kama mbuzi itawekwa mapokezini tu, kabla ya kuikabidhi naikalia nikakuna nazi nzima. Ikiyumba, au chuma kikilegea, nairekebisha kwanza. Mgeni akitaka kuonyeshwa nazi inavyokunwa, mwenye hoteli asiaibike.