Mfupa Kabla ya Mdoli: Hoja Kuhusu Dinosaria katika Elimu ya Awali

Shughuli za dinosaria katika elimu ya awali, yaani michezo, hadithi, uchoraji na ufinyanzi unaowahusu wanyama wakubwa waliotoweka zama za kale, hupingwa Afrika Mashariki kwa hoja ambayo kila aliyepitia chuo cha ualimu anaijua: mtoto hufundishwa kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana, na kutoka kilicho karibu kwenda kilicho mbali. Kwa kuwa hakuna mtoto, wala mwalimu wake, aliyepata kumwona dinosaria, inahitimishwa kwamba mada hiyo ni ya watoto wa Ulaya na Marekani, na kwamba imeingia madarasani kwa mgongo wa katuni na maduka ya midoli. Mitaala huonekana kuiunga mkono hoja hii, kwani ule wa Tanzania wa mwaka 2016 uliweka kutunza mazingira miongoni mwa umahiri mkuu sita wa elimu ya awali, na mtaala wa umilisi wa Kenya una eneo zima la shughuli za mazingira. Wanaozitetea shughuli hizo, kwa upande wao, hujibu kwa kununua seti za wanyama wa plastiki na kutangaza wiki ya dinosaria. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimekosea mahali pamoja: zinampima mnyama mwenyewe, kama yu karibu au mbali, anavutia au havutii, ilhali kinachomfundisha mtoto ni kazi ya kumjua mnyama asiyeonekana kwa dalili alizoziacha.

Kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hujifunza kwa kucheza ni jambo ambalo halibishaniwi tena, na halihitaji kurudiwa hapa. Ugomvi uko kwenye kanuni ya karibu na mbali. Kieran Egan, mwanafalsafa wa elimu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, aliishambulia kanuni hiyo katika kitabu chake *Teaching as Story Telling* cha mwaka 1986, akionyesha kwamba watoto wadogo huvutwa mno na majitu, wachawi na wanyama wa kutisha ambao hawamo katika maisha yao ya kila siku, na kwamba huwaelewa kwa sababu tayari wanazo dhana za msingi kama woga na usalama, ukubwa na udogo, wema na ubaya. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Kanada kulithibitisha hilo. Hakuna aliyewahi kukutana na zimwi, lakini mtoto wa Pwani anayesimuliwa hadithi za zimwi huuliza maswali yenye mantiki kamili: linakula nini, linalala wapi, na kwa nini halikumwona aliyejificha. Anayesema mtoto hawezi kukifikiria kisichoonekana atalazimika kwanza kueleza jinsi vizazi vyote vya wasikilizaji wa ngano vilivyoweza.

Hata hivyo, hoja ya Egan inaeleza tu kwa nini dinosaria huvutia. Haielezi wanafundisha nini. Kwa swali hilo ushahidi wenye uzito zaidi ni wa zamani kidogo, na aghalabu hutajwa bila kusomwa kwa makini. Mwaka 1983 Michelene Chi na Randi Koeske walichapisha utafiti juu ya mvulana mmoja tu, wa miaka minne na nusu, aliyewafahamu dinosaria 40. Watafiti hao walichora mtandao wa maana, yaani ramani ya jinsi ujuzi wa mtoto huyo ulivyounganika: ni dinosaria gani alimhusisha na yupi, na kwa sifa ipi, iwe chakula, makazi, namna ya kutembea au namna ya kujikinga. Kisha waligawa dinosaria hao katika makundi mawili, moja la wale aliowafahamu vyema na lingine la wale aliowafahamu kidogo. Kundi la kwanza lilikuwa na viungo vingi zaidi na vilivyoshikana zaidi, na ndilo ambalo mtoto alilikumbuka kwa urahisi, hata baada ya takriban mwaka mzima. Matokeo haya husomwa vibaya pale yanapotumiwa kuonyesha kwamba watoto wanaweza kumeza majina marefu. Majina alikuwa nayo ya makundi yote mawili. Kilichotofautisha makundi hayo ni sababu zinazounganisha jina moja na jingine.

Utafiti wa mtoto mmoja ni msingi mwembamba, na wakosoaji wana haki ya kulisema hilo. Lakini mwaka 1989 Chi, akiwa na Jean Hutchinson na Anne Robin, aliwachunguza watoto kadhaa wa kati ya miaka minne na saba kwa kuwaonyesha picha za dinosaria wasiowajua. Watoto wenye ujuzi waliwaweka wageni hao katika jamii walizozifahamu, wakakisia sifa ambazo picha haikuzionyesha, ilhali wasio na ujuzi walitegemea zaidi kilichokuwa mbele ya macho yao. Hapa ndipo hoja ya makala haya inaposimama. Shughuli ya dinosaria ina faida ya kielimu pale tu inapomtaka mtoto atoke kwenye dalili na kufikia jambo lisiloonekana. Mdoli wa plastiki unafanya kinyume chake, kwa sababu umekuja na ngozi yake, rangi yake, makucha yake na mdomo uliokwisha achama, hivyo kazi yote ya kufikiri imemalizwa kiwandani na mtoto ameachiwa kazi ya kunguruma.

Mkoa wa Lindi unatoa mfano wa njia nyingine. Katika kilima cha Tendaguru, takriban kilomita 60 kutoka bandari ya Lindi, msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vya wanyama walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Miongoni mwao yumo *Giraffatitan*, anayeitwa na wengi mjusi wa Tendaguru ingawa hakuwa mjusi, ambaye kiunzi chake kilichosimamishwa Berlin kina kimo cha mita 13.27. Darasa la awali la Lindi haliwezi kukiona kiunzi hicho, lakini linaweza kuanza na taya tatu za jikoni zilizochemshwa na kuanikwa juani: ya mbuzi, ya nguru na ya pono. Taya ya juu ya mbuzi haina meno ya mbele kabisa, na magego yake ni mapana. Nguru ana meno makali kama wembe. Meno ya pono yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Mtoto huulizwa nani anakula majani, nani anakamata samaki, nani anakwangua mwani kwenye mwamba, na huulizwa kila mara amejuaje. Baada ya hapo ndipo unapoletwa mchoro wa fuvu la *Giraffatitan*, lenye meno mapana mfano wa patasi, na swali linabaki lile lile.

Kipimo nacho hufundishwa kwa njia hiyo. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa mnyama huyo wa Berlin una urefu wa mita 2.13. Mwalimu akiuchora kwa chaki sakafuni, watoto wawili wa miaka mitano wakilala juu yake, utosi wa mmoja ukigusa nyayo za mwenzake, watakaribia kulingana nao kwa urefu. Hesabu ya aina hiyo ni bora kuliko kukaririshwa mamilioni ya miaka, ambayo mtoto wa umri huo hawezi kuyapa maana yoyote, na ambayo ni afadhali yaachwe kabisa.

Lakini mnyama anayefaa kuliko wote kwa darasa la awali huenda ni *Elaphrosaurus*, wa Tendaguru pia, mwenye miguu myembamba na urefu wa mita sita hivi, ambaye kiunzi chake kilipatikana bila fuvu. Kwa muda mrefu alidhaniwa kuwa mla nyama. Siku hizi wapo wataalamu wanaoona kwamba huenda alikula mimea. Watoto wakipewa mchoro wa kiwiliwili chake na kuombwa wamchoree kichwa, hakuna jibu ambalo mwalimu amelificha, na kila mchoro unapaswa kutetewa: ukimpa meno makali, shingo na miguu hiyo inamfaa mwindaji? Kiunzi cha *Giraffatitan* chenyewe kilisimamishwa mwaka 1937 kikiwa na viwiko vilivyopanuka nje na mkia ulioburuzwa, kisha kikaundwa upya kati ya mwaka 2005 na 2007 kwa miguu iliyonyooka na mkia ulioinuliwa. Picha mbili zilizowekwa bega kwa bega zinatosha kumwonyesha mtoto kwamba watu wazima nao hurekebisha.

Haifuati kwamba Tendaguru iingizwe darasani kwa ajili ya uzalendo. Mjadala wa kurudishwa kwa mifupa hiyo ni wa haki, lakini ni wa watu wazima, na mtoto wa miaka minne hapendi taya ya pono kwa sababu ni urithi wa taifa. Vivyo hivyo, kuwachezesha watoto kama wapagazi waliobeba mifupa kichwani hadi Lindi, katika eneo ambalo Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla, ni uzembe. Kinachofaa kubaki ni mtu mmoja: Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji aliyetayarisha mifupa, ambaye jina lake lilipewa dinosaria *Australodocus bohetii* mwaka 2007. Mchimbaji wa vitabu vya picha anaweza basi kuacha kuwa mzungu mwenye kofia.

Pingamizi kubwa lililobaki ni la jinsia. Utafiti wa Judy DeLoache na wenzake wa mwaka 2007, uliotegemea taarifa za wazazi Marekani, ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya watoto wadogo huwa na shauku kali juu ya jambo fulani, na kwamba shauku hizo ni za wavulana zaidi. Inawezekana mada hii ikawapendelea wavulana hata Lindi au Mombasa. Hata hivyo, shauku iliyopimwa katika nyumba zilizojaa midoli ya kuuzwa kwa wavulana haiwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwenye darasa linaloanza na mifupa ya jikoni, kwani jikoni ni mahali ambapo wasichana wengi wamekwisha ketishwa mapema kuliko kaka zao.

Ujuzi ulioonekana kwa watoto wa Chi ulihusu dinosaria, na hakuna kinachothibitisha kwamba ulihamia kwenye mvua, mbegu au nambari, hivyo anayeahidi kuwa wiki ya dinosaria italea wanasayansi anauza asichokuwa nacho. Ndiyo maana taya ya mbuzi haipaswi kuchukuliwa kuwa utangulizi wa kupitia haraka kabla ya kufika kwa mnyama mkubwa, kwani huenda ndiyo sehemu pekee ya somo ambayo mtoto ataikuta tena nyumbani jioni. Karatasi ya upimaji yenye kisanduku cha *anataja majina ya dinosaria* ibadilishwe iwe *anatoa sababu*, na shule yenye fedha za kununua kitu kimoja tu inunue sufuria ya kuchemshia mifupa.